Nyumba ikikuelemea wewe mtoto: namna ya kuishika familia bila kuacha shule

Naandika hii kwa wewe uliye darasa la sita, form one, form three, ambaye nyumbani mambo yamekaa vibaya na watu wote wanakuangalia wewe. Baba kaenda kutafuta na simu haipatikani, au yupo ila vibarua vimekata, au mama kalala kitandani mwezi wa pili sasa, au wazazi hawapo kabisa mmebaki na bibi ambaye macho hayaoni vizuri. Wewe ndo unaamka kuwasha jiko, wewe ndo unajua unga umebaki kiasi gani, mwenye nyumba akija anakuuliza wewe "mama yako yuko wapi". Huku kwetu Tanzania nyumba za hivi ni nyingi kuliko watu wanavyokiri, kuanzia Mbagala na Tandale mpaka vijijini huko Kagera, ambako toka ukimwi ulipogundulika mara ya kwanza nchini mwaka 1983 mabibi wamelea wajukuu na watoto wamelea watoto wenzao. Mimi mwenyewe ni mtoto wa kwanza wa nyumba ya namna hiyo, kwa hiyo nisikilize kama dada yako.

Kitu kimoja nataka ukishike kabla ya vingine vyote. Nyumba unaweza kuisaidia isimame, tena vizuri tu, ila kuna vitu viwili usiviuze: shule na usingizi. TV itauzwa, kabati litauzwa, hata sufuria kubwa ile ya shughuli itauzwa, na Mungu akijalia vitanunuliwa tena. Ila mtoto akiacha shule ili nyumba ipate kula, nyumba itakula miezi michache halafu inarudi palepale, na safari hii hata yule aliyekuwa anategemewa baadae hayupo tena darasani. Nimeona hii kwa majirani mara nyingi na inaniuma kila nikiiona. Kwa hiyo kila nitakachokwambia hapa chini kipime kwa hivyo viwili.

Anza na daftari

Chukua daftari moja, hata lile la zamani lililobaki kurasa nyuma, chora mstari katikati, upande huu pesa iliyoingia upande ule iliyotoka, uandike kila siku jioni. Andika kila kitu hata ile mia mbili ya kiberiti. Wiki mbili tu zikipita utaanza kuona mambo, mfano utakuta mafuta ya kupima na mkaa wa kopo vinakula hela karibu sawa na unga wenyewe, maana asiyenacho ananunua kidogokidogo na kidogokidogo ndo ghali. Hapo sasa nyumba mbili tatu za jirani zinaweza kuchanga gunia moja la mkaa mkagawana kwa ndoo, au dumu la mafuta mkagawana kwa chupa. Lakini hili usiende kulipanga mwenyewe, mpelekee mama au bibi hesabu yeye ndo aongee na wenzie, wewe ni mtoto watakuzunguka.

Kurasa za nyuma andika madeni yote, la nani, kiasi gani, toka lini. Halafu mpange na mzazi kipi kinalipwa kwanza. Mimi naona mpangilio uwe hivi: chakula na maji, dawa za mgonjwa, kodi, halafu deni la dukani, mengine yote yasubiri. Dukani kwa Mangi usianze kupita njia ya nyuma kisa mnadaiwa, pita palepale, msalimie, mwambie "shikamoo, mama kasema leo tunapunguza elfu moja, nyingine Jumamosi". Mwenye duka anayepunguziwa buku kila wiki ataendelea kuwapa unga, anayekimbiwa atafunga daftari na mtaa mzima utajua.

Kodi ndo hivyohivyo. Mwenye nyumba aambiwe kabla tarehe haijafika, na aambiwe na mtu mzima, kama mama hawezi kusimama basi mjomba, shangazi, jirani mnayemwamini, hata ustaadhi au mzee wa kanisa, awasindikize. Mwombeni alipwe kwa mwezi badala ya ile miezi mitatu au sita. Wengine watakataa ila wengi ni watu, na akikubali andikeni kwenye karatasi asaini na nyie msaini.

Sasa kuna hii mikopo wanayoiita kausha damu. Wanakuja mpaka mlangoni, hawana mambo mengi, unapewa leo unaanza kurejesha kesho kutwa na riba yake ni ya kutisha, ukichelewa wanabeba godoro na jiko la gesi. Mama akiwa amebanwa anachukua mmoja kulipa mwingine. Ukiona kwenye daftari rejesho limeanza kuzidi chakula, mwambie mama ukweli kwa heshima, muonyeshe namba, usimfokee. Alafu mwambie kuna mikopo ya halmashauri ile ya asilimia 10 isiyo na riba, inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, taarifa zake zipo kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Haitoki haraka na inataka kikundi ila haimkaushi mtu. Na wewe mwenyewe usisaini karatasi yoyote ya mkopo wala usikubali laini yako ya simu itumike, na wale jamaa wakija usiwe ndo wewe unayetumwa kusema mama hayupo. Mtoto hatakiwi kusimama mlangoni na kudanganya watu wenye hasira. Kama mama anaogopa kutoka, jirani mmoja mkubwa aje akae nae wakiongea nao.

Chakula

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo mtoto anaweza kuokoa hela nyingi bila kujichosha.

Maharage ndo mkombozi ila yanamaliza mkaa. Fanya hivi: yachambue jioni, yaoshe, loweka kwenye maji mengi usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, bandika yachemke kwa moto mkali kama nusu saa hivi, kweli yachemke siyo kutoa moshi tu, maana maharage yasiyochemka vizuri yanaumiza tumbo. Halafu epua sufuria na mfuniko wake, iweke kwenye kapu au beseni ulilotandika kanga kuukuu, ifunge na blanketi zito juu na pembeni mpaka usione sehemu ya sufuria, sukumia kwenye kona ambako mtoto hatafika. Nenda shule. Ukirudi mchana utakuta yamelainika bado ya moto, unabandika tena kidogo yachemke na kuweka kitunguu na chumvi basi. Mkaa wa masaa matatu umegeuka mkaa wa muda mfupi tu, na pia hakuna aliyebaki nyumbani kuchunga jiko. Pika ya siku mbili, ila yachemshe tena kila unapokula, jua letu hili yanachacha haraka.

Unga chukua dona kama mnaweza, linashibisha kuliko sembe na kwenye mashine ya mtaani mara nyingi ni nafuu. Uji wa watoto tia karanga zilizosagwa. Mboga panda matembele, hayataki shamba, ukipewa vipande vya shina na jirani ukachomeka kwenye kiroba cha udongo pale uani, ukamwagia maji ya kuoshea mboga au vyombo visivyo na sabuni nyingi, unachuma tu unarudi unachuma tena. Mchicha pia.

Na pakueni kwenye sahani, kila mtu na yake. Najua sinia ni mila yetu na ni nzuri, ila chakula kikiwa kidogo kwenye sinia mdogo kabisa ndo anashindwa mbio, na wewe mkubwa unajifanya umeshiba unabaki na ukoko. Watoto wa kwanza wote tunafanya hii. Acha. Wewe unaebeba ndoo za maji na kuamka saa kumi na moja unahitaji kula kuliko unavyodhani, ukianguka wewe nani atawapikia?

Kazi ipi ufanye na ipi ukatae

Siwezi kukwambia usifanye kazi kabisa, nitakuwa naongea maneno ya semina. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, na kuanzia miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi zisizomuumiza wala kumzuia masomo, na usiku saa mbili mpaka asubuhi saa kumi na mbili haruhusiwi kufanyishwa kazi. Hiyo ndo mipaka, iweke kwenye kichwa chako hata kama hakuna mtu anayekukagua.

Kazi ambazo kwakweli zinawezekana: kuuza karanga, ubuyu, barafu, kashata au mihogo ya kukaanga hapo nje kwenu baada ya shule, kumsaidia mama ntilie wa jirani kuosha vyombo Jumamosi, kuchota maji kwa bibi wa nyumba ya pili, kusuka nywele weekend, kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza kusoma na mama yake akakupa unga. Kama wadogo zako hawajafika miaka 14 wao waachie kazi za nyumbani tu, usimtume wa miaka tisa na beseni la mayai stendi. Pale stendi na kwenye foleni za magari wanagongwa, wanaibiwa, wanafahamiana na watu wasiofaa, na faida yenyewe ni nauli tu.

Ukianza biashara ya karanga, tenga mtaji mbali na pesa ya kula. Hili ni muhimu sana na ndo linaloua biashara za watoto: siku njaa ikibana mnakula mtaji, kesho hamna cha kukaanga. Tuseme umenunua karanga, chumvi, mkaa na vifuko kwa 8,000, ukiuza ikafika 12,000, ile 8,000 ya kwanza irudi kwenye kopo lake haiguswi, mnakula 4,000. Kopo akae nalo mama siyo wewe.

Kazi za kukataa: machimboni, kuponda kokoto, baa na grosari, kubeba mizigo mizito sokoni alfajiri, kuvua usiku, kwenda kuwa dada wa kazi mji wa mbali. Hii ya mwisho nataka niiseme taratibu kwasababu inakujaga kama neema. Anakuja mtu, pengine ndugu wa mbali, anasema "huyu binti nipeni nikamsomeshe Dar", kumbe ni kazi za ndani, anaamka wa kwanza analala wa mwisho na mshahara anaambiwa unatumwa kwenu. Kutoka Iringa, Dodoma, Singida mabinti wengi wamepita njia hiyo. Tanzania ina sheria ya kuzuia biashara ya usafirishaji haramu wa binadamu toka 2008 na mambo kama haya yanaweza kuingia humo. Mtu mwenye nia njema hatakataa mkienda nae kwa mtendaji wa kijiji akaandika jina lake, anapoishi, namba zake, na shule ambayo mtoto atasoma. Akianza kusema mbona mnanitilia mashaka, mtoto asitoke.

Na hii nyingine hasa kwa mabinti, japo wavulana pia inawakuta. Nyumba ikiwa na shida inajulikana mtaani, na kuna wanaume wanaijua njaa inavyofungua milango. Lifti ya bodaboda bure, chipsi, hela ya daftari, vocha. Kipimo changu ni kimoja: msaada wowote unaoambiwa usimwambie mama, siyo msaada. Kataa, alafu mwambie mtu mzima siku hiyohiyo. Na kama tayari kuna jambo limetokea, kosa ni la huyo mtu mzima, sio lako hata kidogo, nenda zahanati na dawati la jinsia na watoto pale kituo cha polisi ukiwa na mtu unayemwamini, mapema iwezekanavyo.

Shule

Mwambie mwalimu mmoja. Usiwaambie wote, chagua mmoja, shule nyingi zina mwalimu wa malezi au unasihi lakini hata yule wa hesabu anayekupenda inatosha. Mwambie hivi: "Mwalimu, nyumbani mama anaumwa na mimi ndo mkubwa, siku nyingine nitachelewa, naomba ujue." Mwalimu asiyejua anakuchapa kwa kuchelewa, anayejua anakuwekea kazi pembeni. Watoto wengi wanaacha shule kwa aibu ya viboko na maswali kuliko kwa ada.

Maana ada ilishafutwa, toka Januari 2016 shule za serikali msingi mpaka form four ni bila ada, na mwaka 2022 ikaongezwa form five na six. Kinachobaki ni michango, ya uji, ya mitihani ya majaribio, ya mlinzi, na huko ndo mtoto anaambiwa asirudi mpaka alete. Mtoto hatakiwi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Ikitokea, mzazi au jirani aende kwa mwalimu mkuu aongee kwa upole aeleze hali, ikishindikana aende kwa afisa elimu kata. Kwa upole kweli, maana wewe bado utakaa kwenye hilo darasa.

Kama ulishaacha, rudi. Novemba 2021 serikali ilitangaza wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali warudi shuleni, wakiwemo mabinti waliojifungua. Kama umri umekwenda kuna MEMKWA kwa waliokosa elimu ya msingi, na kwa sekondari kuna njia ya QT, ule mtihani wa maarifa kwa wanaosoma nje ya mfumo wa kawaida. Afisa elimu kata anajua pa kukuelekeza.

Kingine, msipokezane kukosa shule. Naijua hii, Jumatatu unabaki wewe na mgonjwa, Jumanne anabaki mdogo wako, mnaona mmegawana haki, kumbe mnafeli wote wawili. Afadhali mtafute jirani wa kumchungulia mama saa nne na saa sita, mumwachie maji, uji kwenye chupa ya chai, dawa zimepangwa, na simu.

Wadogo zako

Gawa kazi kwa umri, na uiandike ukutani. Wa miaka sita anaweza kuokota kuni au kukunja nguo, wa tisa kufagia na kuosha vyombo, wa kumi na mbili kuchota maji ndoo ndogo. Wavulana wapike pia, katika nyumba yenye shida hakuna kazi ya wasichana. Usiwapige. Utakuwa umechoka na watakuudhi, hilo nalijua, ila wewe ni dada au kaka yao, wakishakuogopa hawatakwambia tena mambo yao na wana mambo mengi kuliko unavyofikiri.

Kwenye ugonjwa wa mtoto mdogo usijaribu kuwa daktari. Akiharisha mpe maji ya chumvi na sukari, ile pakiti ya ORS ya zahanati ndo bora, ikikosekana chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vidogo sita vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo, unampa kidogokidogo huku mkielekea zahanati. Ila akikataa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au kalegea haamki vizuri, hapo usisubiri asubuhi, gonga mlango wa jirani usiku huohuo. Na jiko la mkaa lisilale ndani kwenu hata siku moja, hata kama mvua inanyesha na ni baridi la Njombe. Ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua familia nzima usingizini.

Mzazi akiwa mgonjwa, au akiwa mlevi

Mama akiwa kitandani kuna kosa tunafanya kwa mapenzi, tunamficha kila kitu ili asiumie. Mwisho wake anakuwa kama mgeni kwenye nyumba yake. Mwachie umama wake. Daftari la hesabu msome nae kila jioni. Aamue yeye leo inapikwa nini. Mdogo wako wa mwisho amsomee kitabu pale kitandani, aulizwe yeye kama mtoto aende kwa rafiki yake au asiende. Kama mikono ina nguvu asuke nywele za mtoto akiwa ameegemea mto. Hivi vitu vinamrudishia mzazi heshima, na wewe vinakutoa maamuzi ambayo sio ya umri wako.

Kuhusu matibabu, dawa za ukimwi na za kifua kikuu kwenye vituo vya serikali ni bure, usikubali mtu awauzie. Kikohozi kikizidi wiki mbili mama apimwe kifua kikuu, na kikikutwa basi watoto wadogo mnaolala nae mkapimwe pia. Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wapo kwenye sera ya msamaha wa gharama. Wengine kama hamna kabisa, kwenye hospitali za serikali kuna ofisi ya ustawi wa jamii, nendeni pale kabla ya kuambiwa bili, na barua ya mtendaji mkononi.

Kama tatizo ni pombe, hapo mambo ni tofauti. Usimpe hela mkononi mzazi mlevi wala usibishane nae akiwa amelewa. Hela ya chakula ikae kwa bibi au jirani mwaminifu. Mkubaliane na wadogo zako nyumba ya kukimbilia usiku ikiwa atapiga, na mwenye nyumba hiyo awe anajua. Kumheshimu mzazi hakuna maana ya kuvumilia kupigwa mpaka kuumia.

Pa kuomba msaada na namna ya kusema

Watoto wengi wanajua kuomba hela, hawajui kuomba mambo. Nenda kwa mjumbe wa mtaa wenu, nenda asubuhi au jioni akiwa ametulia, na useme vitu vinavyohesabika. Kama hivi: "Shikamoo mjumbe. Mimi ni mtoto wa nyumba ile ya karibu na kisima. Mama anaumwa toka mwezi wa tatu, hasimami. Baba hayupo. Tupo wanne, wa mwisho ana miaka miwili. Tunakula mara moja kwa siku. Naomba unisindikize kwa mtendaji atuandikie barua ya kwenda ustawi wa jamii." Hapo mjumbe hawezi kukwambia tu "poleni sana, Mungu atawasaidia", umemwambia kitu cha kufanya. Beba na lile daftari, linaonyesha kila kitu bila wewe kulia.

Afisa ustawi wa jamii ndo mtu wenu mkuu, kazi yake ni watoto kama nyie. Muulizeni mtendaji pia kuhusu TASAF, ule mpango wa kunusuru kaya maskini, ruzuku yake imekuwa ikilipwa kila baada ya miezi miwili na majina yanapitishwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kwa hiyo usiende ukitegemea kulipwa kesho, ila mkutano ukiitwa mtu wa nyumba yenu awepo na aongee. Msikitini kuna zaka na sadaka, kanisani kuna jumuiya ndogondogo, waambieni, wao wanafika mpaka chumbani.

Na kuna namba 116, ya bure, ni simu ya mtoto, unapiga hata huna salio na unaongea na mtu aliyefundishwa kusikiliza watoto. Kenya nao ni 116 hiyohiyo. Piga hata kama huna jambo kubwa, hata kama umechoka tu na hujui uanzie wapi.

Kwa nyie watu wazima mliosoma mpaka hapa

Acheni kumsifia huyu mtoto kwamba "kakomaa", "ana akili za mtu mzima". Sifa hiyo inamfunga mdomo, akishaitwa shujaa anaona aibu kusema amechoka. Badala yake chukueni kitu kimoja kidogo cha kudumu. Jirani mmoja afue kila Jumamosi. Mwingine amchungulie mgonjwa saa nne. Shangazi atume unga kila mwisho wa mwezi badala ya elfu hamsini ya mara moja kwenye msiba. Kilo mbili zinazokuja kila wiki bila kuombwa zinamwezesha mtoto kulala.

Na ndugu mkikaa kikao msianze na kugawana watoto kama vyombo, wewe chukua huyu mimi nachukua yule. Kwanza ulizeni kama mmoja wenu anaweza kuhamia pale au kuja mara kwa mara wakabaki pamoja. Wakilazimika kutengana basi wasiende mbali, wawe na siku ya kuonana, na waulizwe wenyewe wanataka nini, yule mkubwa hasa, maana yeye ndo anajua nani kati yao haogopi giza na nani anakojoa kitandani.

Siku mzazi akisimama tena

Hili halisemwi lakini linaleta ugomvi mkubwa. Mama amepona au baba kapata kazi, anarudi kuwa mkuu wa nyumba, na wewe umeshazoea kuamua. Unamjibu kwa sauti, unaona anakosea bei ya dagaa, wadogo zako wanakuuliza wewe kwanza. Ongeeni. Mrudishie vitu kimojakimoja, wiki hii kopo la mtaji, wiki ijayo sokoni aende yeye, mwezi ujao vikao vya shule. Wadogo wakikuuliza kitu wajibu "muulize mama". Mzazi nae, kama unasoma, usimrudishe ghafla kuwa mtoto wa kutumwa tu kana kwamba hakuna kilichotokea, mwite mkae, mwambie asante kwa maneno yanayosikika, mwache aendelee kushika daftari kama anapenda. Halafu mpe Jumamosi yake. Aende kucheza mpira, aende kwa rafiki zake, alale mpaka saa tatu bila mtu kumwamsha.